Dirisha la Nne, Dirisha la Saba

Kwenye dirisha la nne naitwa Ngoie Virjini,
mwalimu wa darasa la pili,
miaka thelathini na moja ya kumeza vumbi la chaki.
Kwenye dirisha la saba sina jina.
Pale mimi ni mjane wa Mukalay Donasyani,
dereva wa treni, matrikuli namba fulani,
na wino wa namba yenyewe umelowa, tisa imekuwa sifuri.

Nimeamka Katuba saa kumi za usiku.
Bukari ya jana nimeila imepoa, bila sombe,
nikapanga vyeti kwenye mfuko wa unga
maana mkoba wangu umekatika mshipi.
Hapa ofisini tuko mia, pengine zaidi.
Mstari unazunguka ukuta, unaingia chini ya mjakaranda,
maua yanatuangukia vichwani,
nasi hatuyapangusi, tunachunga zamu.

Wanataka cheti kwamba Donasyani amekufa.
Wanataka cheti kwamba mimi ningali hai.
Cha kwake nilikichukua mara moja, hakiishi muda.
Cha kwangu kinaisha kila baada ya miezi sita,
nirudi tena kwa karani wa mtaa, anitazame usoni,
apige muhuri: *yupo*.

Kijana wa dirisha la saba ana tai nyembamba.
Anafungua faili yake, anafungua yangu,
anaziweka ubavu kwa ubavu
kama vile tulivyolala miaka ishirini na sita.
«Mama, hapa unaitwa Ngoie, hapa unaitwa Mukalay.
Watu wawili?»
Mtu mmoja, baba.
«Na tayari unapokea kule kwenye nne.»
Napokea.
«Basi serikali imlishe mtu mmoja kwa vijiko viwili?»

Nyuma yangu mama mmoja kutoka Ruashi anaguna.
Mimi nimezoea watoto wa miaka saba,
najua kungoja mpaka mtu amalize kusema upuuzi.

Nikamwambia: Mwanangu,
sikushika breki ya treni hata siku moja.
Yeye hakusahihisha imla hata daftari moja,
na barua zake, Mungu amrehemu, zilijaa makosa.
Kila mwezi walimkata yeye.
Kila mwezi walinikata mimi.
Siku za kukata
hakuna aliyeuliza kama tunalala kitanda kimoja.

Akanyamaza. Akatafuta kalamu.
Akasema nirudi Alhamisi.

Nilirudi Alhamisi.
Nikarudi na Alhamisi nyingine, ikanyesha,
nikarudi na nyingine, umeme ukakatika,
mashine ikalala, na kijana akaenda msibani.
Sitazihesabu.
Mama wa Ruashi alikoma kuja. Sijui kama alipata
au kama cheti chake cha uhai kiliisha.

Mwezi wa tano wakanihesabia.
Noti zimechakaa, zinanuka mikono ya watu.
Za dirisha la nne nazifunga kwenye leso:
gunia la makala, dawa ya presha, ada ya mjukuu.
Za dirisha la saba naziweka kwenye kopo la maziwa
kwa sababu si zangu, ni za mtu
ambaye bado ana deni humu ndani.

Mlango wa jikoni, Donasyani.
Uliahidi tangu Kapya ananyonya.
Ukirudi kutoka Kamina: kesho.
Ukirudi kutoka Kamina: nimechoka, Virji, kesho.
Kapya sasa ana mvi mbili, nimeziona.

Jana nilimwita seremala wa pembeni.
Bawaba mpya, ubao wa chini mpya, komeo.
Nimelipa kutoka kwenye kopo, zikabaki za chumvi.
Umechelewa kama treni yako ilivyochelewa siku zote,
lakini nimesikia mlango ukijifunga
nikiwa nimekaa, sijausukuma kwa nyonga.

Bado unakwaruza kidogo kule juu.
Seremala anasema ni mvua.
Nimemwambia aache hivyohivyo.