Pambizoni

Alhamisi ya pili ya mwezi nafunga duka mapema,
naficha gundi, nafagia vipande vya ngozi,
napanga viti vinne na ndoo moja iliyopinduliwa
ya Heino, asiyekubali kuegemea kitu.
Nje, Tartu imo chini ya theluji ya siku nne;
mto umeganda, watoto wameufanya njia ya mkato kwenda shule.
Ndani ni nta, soli mbichi,
na chai ya kisibiti anayoileta Leelo kwenye chupa.

Safari hii ilikuwa ile riwaya ya mjalidi
aliyekutwa amekufa juu ya meza yake,
mapafu yamejaa wino.
Marafiki wawili wanamsaka muuaji.
Mmoja akisoma ukurasa kwa sauti, yaliyoandikwa yanatokea:
mlango ukutani, mvua sebuleni,
shahidi aliyezikwa juzi anaomba sigara.
Ila bei halipi yeye.
Kila ukurasa unamnyang'anya mwenzake kumbukumbu moja,
na mwenzake hana habari,
maana mtu atakitafutaje
alichokwisha kukisahau?

"Mkutubi," alisema Heino kabla sijamimina chai.
"Kikulacho ki nguoni mwako. Nani hununua glavu mwezi wa saba?"
Kaarel, dereva wa treni ya mizigo, alikuwa na hasira na mwandishi:
huwezi kumpa paka ushahidi sura ya tisa
halafu ukamwacha nje ya kitabu na baridi yote ile.
Leelo, wa ofisi ya mapato, akauliza
kama uchawi wa namna hiyo unalipiwa kodi, na nani.

Maret akaweka kikombe chini.
"Nyinyi mnaitafuta maiti. Mimi namtafuta yule anayesahau.
Kila asubuhi analeta mkate uleule,
anajitambulisha upya, na mwenzake anaupokea
kama vile hakuna mkate wa jana mezani."

Virve hakusema.
Alikuwa akikwangua doa ambalo halikuwepo kwenye sketi yake.

Hawa wawili walishona chumba kimoja miaka kumi na tisa,
juu ya duka la maua.
Likaja neno la cherehani. Sijui neno gani;
nimehadithiwa na wote wawili, na ni hadithi mbili.
Tangu hapo wanakaa kwangu kama viatu vya jozi tofauti:
huyu wa kushoto, na yule wa kushoto.

Nakala ilikuwa moja, kwa kadi yangu ya maktaba.
Ikaenda kwa Maret, ikaenda kwa wengine, kwa Virve,
ikanirudia mimi mwisho.
Ukurasa wa mia moja themanini na nane, nyumba inaungua;
msomaji anaijua bei, na anafungua kinywa.
Pambizoni, kwa penseli, hati ya Maret iliyolala kama nyasi:
*Hata mimi ningesoma.*
Chini yake hati ndogo, wima,
ya mkono uliozoea kuandika vipimo vya viuno:
*Ulisoma. Sikumbuki tena tuligombania nini.*

Nilikaa na ukurasa ule usiku kucha, mimi fundi viatu
ninayejua kuunga kilichochanika kwa uzi tu,
na uzi lazima upite pande zote mbili.

Basi walipokuwa wanavaa makoti, Heino bado anataja glavu,
nikamwambia Maret, "Nirudishie hiki maktaba kesho.
Mimi nina kazi." Sikuwa na kazi.
"Na paka," nikaongeza, "mwangalie tena yule paka,
kama ukurasa wa mia moja themanini na nane hivi."
"Huko hakuna paka," alisema Kaarel.
Virve alikuwa mlangoni, anafunga skafu. Alisimama kidogo.
Akafunga tena skafu ambayo alikwisha kuifunga.

Hiyo ni wiki iliyopita.
Jana maktaba wamenipigia simu: kitabu hakijarudi.
Faini ni senti ishirini kwa siku.
Nimekwenda na viatu vyangu vya theluji,
nimelipa ya mwezi mzima.