Fomu ya Ruhusa

Kila Alhamisi kabla ya adhuhuri
napiga picha ya karatasi,
namtumia baba Kondoa.
Jina la mwanafunzi. Mahali aendako.
Sababu. Saa ya kurudi. Saini ya mlezi.

Abla Rayya, msimamizi wa bweni letu hapa Al-Khoudh,
haruhusu hata kivuli kitoke getini bila saini.
Basi baba anafunga kibanda chake cha kuchaji simu,
anavuka barabara hadi kwa mwenye printa,
analipa mia tano,
anaandika Swalehe
kwa mkono wa mtu anayechonga mlango.
Kwenye sababu, wiki zote, anaweka neno moja:
Masomo.

Hivyo nilikwenda Nizwa kwa masomo.
Ijumaa asubuhi mbuzi wanazungushwa duara,
wanunuzi wamechuchumaa, fimbo mapajani,
mmoja anapanua midomo ya beberu
anahesabu meno.
Nikapiga simu. "Yule mweusi wa masikio marefu?"
Riyali mia na sitini, baba.
Akanyamaza, anazidisha.
"Milioni! Na yeye kaja kwa ufadhili?"

Ibra, kwa masomo. Kwao Nasriya, mwenzangu wa chumba.
Bibi yake kazaliwa Tabora, kaondoka na miaka tisa;
Kiswahili chake kilikaa sandukuni muda mrefu,
bado kina alama za mkunjo.
Akaniuliza kama duka la baba yake
lingali na mlango wa buluu.
Tabora mimi sijafika.
Nikasema, lingali nao.
Akaniongezea halua.

Dubai, kwa viza iliyokula posho ya mwezi.
Dirhamu arobaini mfukoni.
Nikanunua maji,
nikakaa sakafuni mbele ya kioo kikubwa kuliko msikiti wetu
nikitazama papa akipita, akirudi, akipita.
"Samaki wa kuangalia tu?" baba aliuliza.
Wa kuangalia tu.
"Basi wewe na yeye mlikuwa sawa."

Halafu wiki tatu sikwenda kokote.
Nilifua. Nilikula wali wa bwenini.
Alhamisi ya tatu simu ikalia:
"Mbona huniletei karatasi?"
Ndipo akaniambia, kwa sauti ya kuomba radhi,
kwamba nakala zote kazibandika kibandani,
kwenye bati, juu ya waya za chaja,
na watu wakisubiri simu zijae
huuliza: Wiki hii yuko wapi?

Mwaka huo kwetu ilinyesha siku tisa.
Tisa, masika nzima. Mtama ulifika magotini
ukaona haina haja.
Mwezi wa saba fomu ikaja yenyewe,
sikuiomba, imejazwa kila mstari:
Mahali aendako: Salala.
Sababu: Kuona mvua.

Abla Rayya akaisoma mara mbili.
Akagonga muhuri, hakuniangalia.

Saa kumi na mbili ndani ya basi.
Nililala, nikaamka, jangwa lilelile;
nikadhani dereva kasahau kuondoka.
Kisha mlima, kisha kijani
kilichonifanya nivue miwani na kuifuta.

Watu wa Kuwait, wa Riyadh, wa Doha
wametandika mikeka kwenye tope.
Hakuna mwenye mwavuli.
Mzee mzima kavua kilemba
anampa mvua upara wake, anacheka,
na ngamia kasimama barabarani
magari yote yanamngoja.

Nikampigia baba.
"Inanyesha?"
Hainyeshi. Inapumua. Inakukalia usoni
kama mtoto anayekunong'oneza.
"Hiyo haioteshi mtama."
Haioteshi.
"Niwekee nisikie."

Nikainyoosha simu hewani.
Hapakuwa na cha kusikia, mvua ile haina mlio;
Nasriya alikuwa akipiga chafya, jenereta la mishikaki likiunguruma.
Dakika nne. Salio langu likishuka.
Upande wa pili nikasikia mtu kibandani akiuliza,
na baba: "Shh."

Kisha akakohoa.
"Haya. Rudi mapema.
Nimesaini Jumamosi, saa nne."