Termosi ya Yamandú

Swali la tatu kwenye fomu ya Nair:
Ulikunywa nini baada ya saa kumi na mbili jioni?
Yamandú ameandika: maji ya moto.

Si uongo kamili. Maji yalikuwa ya moto,
lita nzima, yakapita katikati ya majani
yaliyoshindiliwa kwenye kibuyu,
yakapanda kwa mrija wa chuma uliokwisha kupita
mdomo wa Luján, wa Ruben, wa yule mrefu wa kilimo
ambaye hakuna anayelikumbuka jina lake.
Wenyewe hukiita mate.
Usicheke. Jina limelenga shabaha:
hapa Salto, ng'ambo ya mto ni Ajentina,
watu husoma anatomia kwa mate ya wenzao.

Saa saba usiku. Mfupa wa farasi uko mezani
juu ya taulo, kama mgonjwa.
Yamandú anausomea majina yake.
Macho makavu, kucha zimetafunwa,
moyo unabisha hodi kifuani
kama mpangaji aliyesahau funguo.

Saa tisa anazima taa.
Taa inazimika. Yeye hazimiki.
Anahesabu kondoo, ndiyo, ila ni kondoo wa mtihani:
kila mmoja anasimama uzioni, hataki kuruka
mpaka atajiwe idadi ya mbavu zake.

Alifaulu, kwa taarifa yako. Saba kati ya kumi na mbili.
Usiku ule wakanywa mvinyo uliochanganywa na soda nyeusi
kwenye chupa ya plastiki iliyokatwa shingo,
akaanguka kitandani na kiatu kimoja.
Leo atalala, alisema Luján.
Saa kumi kasoro robo alikuwa macho, ulimi kama soksi.
Usingizi wa pombe ni wa mkopo,
na mwenye deni hangoji kupambazuke.

Nair amekusanya fomu arobaini na mbili.
Maji ya moto. Maji ya moto. Maziwa.
Sikumbuki.
Maji ya moto.
Anapiga mstari kwa rula, anajumlisha saa za watu za kulala,
anagawanya, anapata nne na robo,
haamini, anaanza upya.
Dirishani mnanaa wao, unaomwagiwa machicha kila asubuhi,
umesimama wima kama askari wa zamu.
Ananyoosha mkono bila kutazama,
anavuta mrija hadi unakoroma.

Usiku kucha, humo ndani,
hakuna kingine kilichokoroma.