Karatasi ya Kaboni

Mwaka huu tena jedwali limekuja toka Jeneva,
maswali yamebanana kama meno ya kitana.
Bwana Mdogo anasoma, mimi napiga taipu.
Vibanda vya kodi vingapi? Wagonjwa wa ndui wangapi?
Je, wenyeji wameridhika?
Anatazama dirishani, twiga wa bendera kalala kwa joto.
"Andika: wameridhika."
Nikaandika. Herufi R ya mashine hii imevunjika mguu;
nchi nzima imeridhika
ikichechemea.

Nje, mji una homa.
Tangu redio ya klabu itaje mambo ya Ulaya
kila kibaraza kinasema Mdachi anarudi.
Jivraj wa Kichwele kafunga daftari la mkopo.
Fundi Pinto kaletewa majora mawili mekundu,
ashone bendera, asiulize.
Na Bi Tausi, jirani yangu,
kafukua kopo chini ya mtungi:
hela. Hela zenyewe, zile za Mdachi,
zilizokufa zikatuachia jina.
Shilingi ilikuja na bunduki na mizani,
mdomo ukakataa kubadilisha fedha.
Anazisugua kwa ndimu na jivu.
"Mume wangu walimbebesha mizigo, hakurudi.
Labda hizi zitarudi."

Jioni navuka Mnazi Mmoja,
ule uwazi walioufyeka kati yao na sisi
ili mbu wetu wachoke
kabla ya kufika Uzunguni.
Mwinjuma Pazi ananisubiri ng'ambo, kofia mkononi.
"Karani, tuwaandikie Jeneva wenyewe.
Tusigawiwe tena kama nyama ya mbuzi wa watu."
Nikamweleza utaratibu:
barua ya kumshitaki mwenye nyumba
hupitia kwa mwenye nyumba.
"Na hao wa Jeneva, wamewahi kufika hapa?"
Hapana.
"Sasa wanatulindaje?"
Kwa karatasi.
Alicheka mpaka akakohoa,
kisha hakucheka. Akavaa kofia yake, akaenda
bila kuniaga, na mimi sikumwita.

Usiku nilitoa kaboni niliyoificha ndani ya kanzu,
nikaiinua mbele ya kandili.
Maneno yote ya serikali yamegeuka,
yanatembea kinyumenyume:
akihdiremaw.
"Lugha gani hiyo?" akauliza Bi Tausi.
Ya ofisini.
"Basi nipe nifungie hela zangu.
Nyeusi hivyo, mwizi ataona giza tu."

Nikampa. Sikuwa na jibu jingine la kumpa,
mimi niliyejibu maswali ya nchi nzima
tangu saa mbili asubuhi.

Kesho yake tulikutana bombani.
Vidole vyake vyeusi, vyangu vyeusi,
tunasugua kwa mchanga,
kwani sabuni iko kwa Jivraj,
na Jivraj, mpaka ijulikane sisi ni wa nani,
anataka taslimu.