Takriban

Jumamosi tunakutana nyuma ya maktaba ya sekondari,
chumba kilichokuwa stoo ya chaki.
Kompyuta tatu. Moja imeng'oka herufi R,
anayeikalia hupewa wanafalsafa wasio na R jinani,
nao ni wachache kuliko unavyodhani.

Hatulipwi. Nambozo huja na viatu vya wadi,
zamu ya usiku ingali machoni.
Opolot huleta madaftari ya hisabati, husahihisha
huku ukurasa ukijivuta kufunguka.
Mutenyo huleta karanga, haleti maneno.
Bando tunachangia, na umeme wa yaka pia.

Kazi ni ya kuokota punje:
Mjerumani fulani, alikufa Machi au Mei?
Mtawa yule, barua zake kumi, au kumi na moja?
Tunawaziba matundu
watu ambao wasingejua
kama Mbale ni mji au ni ugonjwa.

Ndipo Nambozo akaja na daftari
ndani ya mfuko wa dripu, dhidi ya mvua.
La baba wa mwenye nyumba wake:
Wambede, mpima kahawa
katika ghala la ushirika, chini ya Wanale.
Kurasa za kushoto, kilo na alama za dole gumba.
Za kulia —

"Methali," akasema Opolot, kalamu nyekundu haikusimama.
"Kila ukoo una mtu wa methali. Hoja iko wapi?"

Nambozo akasoma, amesimama, kama anayesoma joto la mgonjwa:

*Nikiegemeza kidole kwenye mzani, uzito wa punje moja,
mkulima hapotezi punje. Ana punje nyingi.
Ila neno kilo limekufa kati yetu
na sote wawili tutaendelea kulitamka.*

Akafunua kurasa tatu:

*Lakini kama hakuna aliyekiona kidole?
Neno laweza kufa bila msiba?
Ama nilikosea siku ile, ama neno lina macho.
Gunia 61, Mafabi, kilo 58. Mvua.*

Kalamu ikalala.
Nje, mtu alikuwa akiburuta dawati kwenye saruji,
tukamsikiliza mpaka akafika alikokwenda.
"Mwingize," akasema Opolot.

Kazi yake: mpima kahawa.
Vitabu: daftari moja, pembe zimeliwa na panya.
Shule ya fikra: tukatazamana, tukaruka.
Mwaka wa kuzaliwa: tarakimu nne.

Nyumbani kwake wanajua hili tu:
alitahiriwa mwaka ambao maji yalibeba daraja.
Opolot akashika chaki (zimebaki chache stoo),
daraja, toa kumi na nane,
daraja, toa ishirini na mbili, kwa maana wengine walichelewa,
na kuna waliokimbia kisu wakarudishwa.
Ubao ukajaa, mwaka haukutoka.

Tukaandika *takriban*. Fomu ikageuka nyekundu.
*Takriban*, kwa herufi kubwa. Nyekundu.
Tukawaandikia wasimamizi, huko waliko, wakubali neno hili moja.
Bado wamelala, au bado wanafikiri.

Hapo Mutenyo akatema ganda la karanga:
"Na yule Mgiriki wa juzi,
wa miaka elfu mbili na mia nne,
yeye mama yake alikuwa na kalenda?"

Tukarudi kumtazama.
Tarakimu zake zimesimama wima, hazina wasiwasi.
Na wa kabla yake. Na wa kabla yake.
Safu nzima ya watu waliozaliwa bila shaka yoyote,
na kwenye kila mzani, ukiinama karibu,
joto la kidole.

Siku hiyo hatukuingiza mwingine.
Mita ya yaka ilipoanza kulia
Nambozo akaandika 1914,
na chini, penye nafasi ya maelezo
ambayo hakuna anayeisoma:

*Mwaka huu tumeukadiria sisi, watatu na mmoja mwenye karanga.
Kidole chetu kiko hapa.*