Mavune

Saa tatu usiku umeme umekatika Mabatini,
simu yangu ina asilimia kumi na tisa.
Inatosha maneno matatu.

Kokushubira, aliye Bukoba, ndiye mwenye kamusi,
ile isiyo na jalada, inayoanzia herufi B
kwa sababu kurasa za A zilifungia maandazi.
Anatupa neno. Kila mmoja anamtumia maana yake kwa siri,
naye anaichanganya ile ya kweli na hizi za kwetu
kama muuza dagaa anavyotia mchanga kidogo kwenye kisado.
Ukimdanganya mtu, alama moja.
Ukiujua ukweli, alama mbili,
lakini nani anacheza kwa ajili ya ukweli?

Mwezi uliopita lilikuja *shubaka*.
Bhoke, mlinzi wa shule kule Musoma, akaandika:
kelele za mtu anayeota.
Nshoma wa duka la dawa Nyakato:
ugonjwa wa kuku, huanzia machoni.
Lugembe wa Nansio hunaswa kila mara,
maana zake zote zina samaki.
Mimi nikaandika:
deni dogo ambalo mdai anaona haya kulidai.
Nikapata kura zote.

Kumbe ni kishimo ukutani cha kuwekea taa.
Tukacheka. Nyumba zetu zimedandia mawe,
ukuta tofali moja,
shubaka lingekaa wapi?
Tangu hapo Nshoma huwaambia wateja,
"Una shubaka kwangu,"
nao, kwa kuogopa neno, hulipa.

Maneno haya yalizaliwa mbali, penye chumvi.
Huku yalikuja na treni,
na mengine, nadhani, yalishuka Tabora kunywa chai
yakaachwa.

Leo la kwanza *mlizamu*, nikakosa.
La pili *fuawe*, nikakosa.
Asilimia nane.
La tatu:
*mavune*.

Lugembe: sangara wachanga wanaorudishwa majini.
Mwingine: masalio ya shambani baada ya kuvuna.
Mwingine: tabia ya kuvunavuna uso ukiombwa hela.
Na moja fupi, kavu:
maumivu ya mwili yatokanayo na kazi nzito.

Hiyo ni ya Nshoma, nikasema moyoni,
inanuka dawa ya kuchua.
Nikapigia kura masalio.

Ilikuwa ndiyo.

Mama alibeba magunia Mwaloni miaka kumi na minne,
kutoka kwenye mitumbwi hadi kwenye malori,
dagaa wakavu, wepesi kwa macho tu.
Jioni alikaa kizingitini, miguu ndani ya beseni.
Unaumwa? Siumwi.
Umechoka? Kuchoka ni kwingine.
Kisha alisema kitu kwa Kisukuma, akiyaambia yale maji,
na mimi, mwenye daftari la msamiati mapajani,
sikukiandika.
Siku moja hospitalini wakamuuliza anasikia nini.
Akatafuta, akatafuta,
akajibu, "Mwili."
Daktari akaandika malaria, na alama ya kuuliza.

Na neno lilikuwepo.
Muda wote huo lilikuwa limelala kwenye M,
baada ya mavumba, kabla ya mavuno,
herufi moja tu kutoka kwenye shibe.

Kokushubira anauliza, tuendelee?
Asilimia mbili.
Namwacha, napiga Magu, kwa mama.
Anapokea kwa sauti ya mtu aliyeshalala.
"Mama," nasema, "ni mavune."
"Mavuno?" anacheka. "Mwaka huu?
Mvua yenyewe umeiona wapi,
na huu mgongo—"

simu ikazima.

Nikakaa kizingitini.
Chini huko, taa za wavuvi
zilikuwa zimetawanyika ziwani ovyo,
bila kufuata alfabeti.