Kiraka Kwenye Mafuriko

Projekta tumeiazima kanisani. Mchungaji Imbwaga
alituapisha tusionyeshe dansi.
Shuka ni ya mama. Nyeupe, isipokuwa kiraka
cha buluu, upana wa kiganja, pale pasi ya makaa
ilipoitafuna mwaka ule wa mvua,
akaiziba kwa kitambaa alichokata. Hasemi wapi.

Tumeitundika ndani ya ghala la reli, Kibigori.
Magunia yaliondoka zamani, panya wakabaki.
Milango ni miwili: mmoja unatazama uwanda wa Kano,
mwingine unatazama vilima vya Nandi.
Watu wameingia kila mmoja kwa mlango wake,
wakaketi vivyo hivyo, katikati nafasi
ya kupita mkokoteni.

Kanuni ya Jelagat ni moja: hakuna neno.
Hata kikohozi, kohoa kwa mabega.
Alituambia mazoezini, akicheka kidogo tu:
"Mimi nikisema shamba, mtasikia champa.
Ogweno akisema, mtasikia samba.
Kabla sentensi haijafika mwisho
kila mtu ameshapima mpaka wake."
Basi tukafumba midomo kama mshonaji
aliyebana sindano kwa meno.

Nawasha.
Mto Nyando unapanda kwenye shuka.
Niliupiga picha mwenyewe kwa simu, Aprili,
nimekaa juu ya paa la choo cha shule.
Maji rangi ya chai, yamebeba mlango,
juu ya mlango kuku,
ametulia kama abiria aliyelipa nauli.
Mtu upande wa vilima anacheka kwa pua.
Upande wa uwanda hawacheki.
Kuku wanamjua.

Jelagat anatoka gizani na sufuria kichwani.
Hakuna sufuria. Ni shingo tu inayoibeba,
na ndani yake, kwa jinsi goti linavyopinda, mna mtoto.
Anapanda. Sakafu ni tambarare, lakini anapanda,
na kisigino kinapoteleza, wale wa juu
wanakaza vidole ndani ya gambuti,
maana kilima kile ni chao, na utelezi wake, na jiwe lake.

Nyuma ya shuka Ogweno anaisogelea taa.
Kivuli kinakua mpaka kinagusa mabati.
Kinanyoosha mkono.
Jelagat anasimama.

Mkono ule waweza kuvuta, waweza kusukuma.
Mazoezini hatukukubaliana.
Ogweno huamua papo hapo.

Na hapo, ghala zima likiwa limeshika pumzi,
nikaona kiraka kimetua kifuani mwa kivuli,
upande wa kushoto, mahali pa mfuko wa shati.
Nimelala juu ya shuka hiyo miaka kumi.
Sikuwahi kukiona kama mfuko.

Safu ya tatu, mama akasimama.
Akainua mikono yote miwili, vidole
vikafunga kifungo kisichokuwepo,
kisha cha chini yake, kisha cha chini yake,
taratibu, kama kwa mtu mrefu kuliko yeye
anayechelewa kwenda kukata miwa.

Watu wakadhani ni sehemu ya mchezo.
Ng'ambo ya ile nafasi, bibi mwenye sweta ya kijani
alikuwa nyuma ya nguzo, haoni vizuri.
Akabeba kiti chake, akavuka nacho,
akakiweka karibu na mama.
Mguu wa kiti ulikwaruza saruji. Hiyo ndiyo sauti pekee
iliyosikika usiku ule.

Ogweno hakuona lolote; shuka ilimziba.
Akavuta.

Nyumbani nilianza, "Mama, lile shati…"
Alinipokonya shuka, akainusa.
"Inanuka panya," akasema. "Lakini leo siifui."
Akaitandika, akalala, kiraka begani.
Nilikaa na koroboi nikitazama kitambaa:
hakuna mto, hakuna kuku,
kinapanda tu na kushuka
kwa pumzi yake.